Nilivyousahihisha Wimbo wa Gemu

Nimefundisha kwaya miaka mingi hapa Mpanda, na ugonjwa wangu naujua: siwezi kusikia wimbo nikanyamaza. Kwa hiyo mdogo wangu wa kike, anayefanya kazi kwenye duka la fotokopi pale Shanwe, aliponiletea muziki alioutunga kwa kompyuta akaniomba nimwambie ukweli, nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu mzima.

Muziki ulikuwa wa gemu la simu. Jamaa mmoja wa Dodoma alikuwa ametengeneza gemu la mrina asali anayepita porini akikwepa nyati. Alikuwa amempa mdogo wangu hadi Jumamosi saa tisa alasiri. Asiporidhika, angechukua muziki wa mtu mwingine. Na mdogo wangu hajawahi kutunga kitu kikavuka mlango wa chumba chake.

Nilisikiliza Ijumaa jioni. Jamani! Marimba zilikimbia, ngoma ikazifuata kwa chini, na juu kabisa kisauti chembamba kama nyuki anayetafuta mlango wa mzinga. Mwili ulinisisimka. Kisha ugonjwa ukapanda.

"Wimbo wako haufungi," nikamwambia. "Unaning'inia. Uwekee mwisho, watu wajue tumefika."

"Lakini kaka, kwenye gemu si unajirudia?"

"Hata kama. Kitu kizuri kina mwisho."

Akakubali, maana mwalimu ni mimi.

Asubuhi akaja kwangu Misunkumilo na wimbo mpya, unaofunga kwa heshima zote, karibu uitikie amina. Alikuwa ameshauweka kwenye gemu ndani ya simu yake, tukampa mama ajaribu. Mama ni mkulima wa mpunga kule Mpimbwe; alikuja kwangu kutibiwa goti, na kwa wiki mbili alikuwa ameshakuwa bingwa wa magemu. Alianza vizuri. Wimbo ulipofunga, akaweka simu mezani, akachukua chai yake. Nyati akamkanyaga mrina asali.

"Mama, mbona umeacha?"

"Si wimbo umeisha?"

Akaanza tena. Wimbo ukafunga, simu mezani, nyati. Mara ya tatu mdogo wangu alinitazama, machozi yakimlenga. "Saa sita hii, kaka." Niliona aibu ya kweli. Wimbo ulikuja kwangu mzima, nikauvunja mguu kwa ujuaji wangu.

Mama akapiga funda la chai. "Sasa nyie, kwenye matoleo huwa mnafanyaje? Foleni ikiwa ndefu mnafunga wimbo, watu warudi na sadaka zao?"

Niliruka kutoka kwenye kiti. Matoleo! Kila Jumapili tunazunguka na ubeti uleule mpaka mtu wa mwisho afike kwenye kikapu, na hakuna anayefunga mpaka niinue mkono. Sauti ya kwanza wanapovuta pumzi, besi wanashikilia, ili pasitokee shimo. Miaka yote hiyo nilikuwa napiga muziki wa gemu na sijui!

"Futa mwisho wote," nikamwambia mdogo wangu, nikipiga meza. "Rudisha ule wako. Ila pale unapoungana na mwanzo, ngoma isinyamaze. Yenyewe ishikilie, marimba zipumue."

Vidole vyake vilikimbia kwenye kompyuta, mimi nyuma yake nikiimba besi kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Saa nane na nusu akautuma Dodoma, akauweka na kwenye gemu la simu yake. Tukamkabidhi mama.

Mara ya kwanza wimbo ukazunguka. Mama hakuinua kichwa. Ukazunguka mara ya pili, ya tano, chai ikapoa. Mdogo wangu alinishika mkono akauminya hadi ukauma.

"Kuna mtu anaandika huku juu, ananiziba," mama akasema bila kuacha kucheza. "Anasema, 'Huu huu, usiguse tena.' Ni nani huyo?"

Mdogo wangu alipiga vigelegele, akanyoosha mkono. "Mama, lete simu! Lete nimjibu!"

Mama akamgeuzia bega.

"Subiri. Nitakupa wimbo ukiisha."