Gauni Lililopunguzwa

Mama Futi alikuwa na hasira za karibu, na alilijua hilo kabla ya watu kumwambia. Uzi ukikatika, alimtukana aliyeusokota. Mteja akisema, "Wewe shona tu utakavyoona," alirudishiwa kitambaa chake hapo hapo. "Nione mimi, halafu uvae wewe? Hebu nenda ukafikiri!" Jina hilo alilipata kwa sababu futi yake ya kupimia, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo, ilikuwa haishuki shingoni. Alipika nayo, akaenda nayo msibani, na siku moja alipita nayo mbele ya kamera kupiga picha ya kitambulisho.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia yenye mguu uliofungwa waya, na daftari nene la vipimo. Waliompa sifa ni wajawazito. Mafundi wengine walimshonea mjamzito kitu kama gunia, wakamwambia litamtosha mpaka mwisho. Mama Futi hakutaka upuuzi huo. Alikata gauni likamkaa mtu vizuri tangu mwezi wa nne, akaficha mikunjo mitatu ubavuni. Kila mwezi mama alikuja, akapimwa, kipimo kikaandikwa, na mkunjo ukifika zamu yake ukafumuliwa. Siku ya kwenda kujifungua, gauni lilikuwa halina mkunjo hata mmoja.

Basi mtoto wa dada yake, fundi friji, akaoa. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mpole mpaka anaudhi, na wote wawili waliishi kwa Dada. Mimba ilipotimia miezi minne, binti huyo alikuja kupimwa. Tumboni inchi thelathini. Mwezi wa tano thelathini na mbili, mkunjo wa kwanza ukafumuliwa. Mwezi wa sita thelathini na mbili vile vile. Mama Futi alikuwa na sare za shule arobaini mezani, akaandika bila kutazama vipimo vya nyuma.

Mwezi wa saba binti alisimama mlangoni akivuta kitambaa pembeni.

"Mama mdogo, gauni linaning'inia."

"Na hayo mabega yako ya kifaranga, litaacha kuning'inia?"

Wakacheka. Mama Futi akapima, akaandika thelathini na moja na nusu, akashika pini mdomoni, akalipunguza gauni inchi moja kila upande. Alimgeuza binti mbele ya kioo na kumsifu, na kwa kweli alijisifu mwenyewe. "Umeona? Limekukaa kama ulizaliwa nalo." Huo ndio ulikuwa ujinga wenyewe, na baadaye hakumruhusu mtu auite jina jingine.

Wiki moja baadaye akaja mke wa fundi welda, mwenye mimba ya umri ule ule. Mama Futi alifungua ukurasa wake: thelathini na tatu, thelathini na tano, thelathini na saba. Akapima, akapata thelathini na tisa. Alipogeuza karatasi kutafuta kalamu, macho yakaangukia ukurasa wa binti.

Kwanza aliilaumu futi. Akaitandaza mezani juu ya rula ya bati, inchi kwa inchi. Ilikuwa sawa. Akarudi kwenye daftari akasoma tena: thelathini na mbili, thelathini na mbili, thelathini na moja na nusu. Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye alikuwa na macho, na futi, na daftari, na bado alikuwa hakuona. Ni nani duniani anapunguza gauni la mjamzito wa miezi saba?

"Nenda nyumbani," alimwambia mke wa welda.

"Hujanimalizia."

"Nimesema nenda!"

Kwa dada yake aliingia bila kubisha hodi. Walikuwa mezani, mchana. Fundi friji alikuwa na sahani iliyojaa, Dada alikuwa na yake, na mbele ya binti kulikuwa na vijiko vitatu vya wali na mchuzi ambao ulikuwa maji.

"Dada, huyu anakula nini?"

"Karibu kwanza. Anakula kinachomtosha."

"Kinachomtosha nani? Hata paka wako anakula zaidi ya hapo!"

Dada aliweka kijiko chini taratibu. "Sitaki mtoto awe mkubwa tumboni. Wewe unajua kwa nini."

Mama Futi alijua. Miaka minane nyuma, binti wa pekee wa Dada aliingia leba na mtoto wa kilo nne na nusu, wakatoka maiti wote wawili. Mama Futi ndiye aliyewaosha. Dada alikumbuka mayai na maziwa aliyokuwa akimlisha bintiye, akaamua kwamba chakula ndicho kilichomuua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini Mama Futi siku hiyo hakuwa na nafasi ya huruma.

"Na vidonge vya kuongeza damu? Anameza?"

Binti alitazama kabatini. Nyuma ya kopo la sukari Mama Futi alikuta pakiti tatu, hata moja haijafunguliwa.

"Hivyo vinanenepesha mtoto," Dada alisema.

"Nani kakwambia? Daktari gani? Nitajie jina nikamnyonge!" Akamgeukia binti. "Na wewe, mwalimu mzima, unafundisha watoto wa watu kusoma, pakiti hii imekushinda kuisoma?"

Binti akaanza kulia, kwanza kimya kimya, kisha kwa sauti. "Nina njaa, mama mdogo. Nina njaa tangu mwezi wa tano. Nikisimama darasani naona giza."

Fundi friji aliinua uso kutoka kwenye sahani. "Mama mdogo, hayo si ni mambo ya wanawake..."

"Nyamaza! Ulipompa mimba yalikuwa mambo ya wanawake? Umekaa hapa unatafuna, mkeo anahesabu punje, na hukuona? Leta hiyo sahani!" Akaisukuma mbele ya binti. "Kula. Ukimaliza tunaondoka."

Walikwenda kliniki wote wanne. Nesi wa zamu alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyoshuka puani, na alipomlaza binti kitandani alitoa futi mfukoni. Futi ya njano, sawasawa na ile iliyokuwa shingoni mwa Mama Futi. Akapima kutoka mfupa wa chini hadi kilele cha tumbo, akapima tena, kisha akamchoma kidole kupima damu.

"Mimba ina wiki thelathini na mbili. Tumbo lina sentimita ishirini na saba," alisema. "Mtoto amechelewa kukua. Na damu ni nane tu, inatakiwa kumi na moja. Kliniki ya mwisho ulikuja lini?"

"Mimba ikiwa ya miezi minne," binti alinong'ona. "Mama mkwe alisema nikija nitapewa vidonge vingine."

Nesi alivua miwani. "Mtoto hana jiko lake humo ndani. Anachokula kinapita kwenye damu ya mama. Damu ikipungua na mama akishinda njaa, mtoto anadumaa. Akizaliwa mdogo hivyo, hana mafuta ya kumtia joto, kunyonya kunamshinda, na kila ugonjwa unaanzia kwake. Mnadhani mtoto mdogo ndio uzazi salama?"

"Binti yangu alikufa kwa mtoto mkubwa," Dada alisema.

"Pole, mama. Kliniki alipimwa mara ngapi?"

Dada aliinua kidole kimoja. "Mara moja."

"Angepimwa tungeona mapema. Angejifungulia penye chumba cha upasuaji. Si mayai yaliyomuua, mama yangu."

Dada aliketi kwenye benchi. Nesi alirudi kumsaidia binti kuvaa, akashika mshono wa ubavuni, akaupindua. Mikunjo miwili ilikuwa bado imelala ndani.

"Hili gauni limepunguzwa. Nani huyo anampunguzia mjamzito nguo na haulizi?"

Chumba kilikuwa kidogo, na futi ilikuwa shingoni mwa mtu mmoja tu mbali na nesi.

"Mimi," Mama Futi alisema.

Nesi aliurudisha mshono mahali pake, akaandika kwenye kadi; heri angetukana.

Tangu siku hiyo Mama Futi alifunga chumba cha kazi kila mchana, akabeba chakula mwenyewe: maharage, mayai, mboga za majani, samaki, maziwa. Alisimama kando ya binti mpaka kidonge kimemezwa, na kila wiki alimpeleka kwa nesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye alikuwa anajenga ukuta huku mvua inanyesha. Tumbo lilianza kupanda, lakini polepole, na wiki zilikuwa zimebaki chache. Alikasirika na Dada, na mpwa wake, na sare za shule. Usiku alikasirika na mikono yake mwenyewe.

Mtoto alizaliwa wa kike, kilo mbili na gramu mia moja. Hai. Alilia sauti nyembamba, akachoka kabla ya kumaliza kunyonya, na manesi wakamfunga kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Siku kumi na mbili walikaa hivyo wodini, na Mama Futi hakupumua sawasawa mpaka walipoambiwa wanaweza kurudi nyumbani.

Kigauni cha kwanza alikuwa amekikata kwa kipimo kile kile alichowashonea watoto wachanga wote. Walipomvisha, mikono ilipotelea ndani na shingo ikashuka hadi begani. Kesho yake Dada alikuja chumba cha kazi, akakiweka mezani, karibu na mkasi. Tangu kliniki walikuwa hawajasemeshana.

"Kimemzidi," Dada alisema. "Mpunguzie."

Mama Futi alikiangalia kile kigauni. Damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Sipunguzi."

"Mdogo wangu, mtoto anaelea humo ndani."

"Aelee! Nilishapunguza mara moja. Hiki kitabaki hivi hivi mpaka akijaze. Kamlishe mama yake, apate maziwa, amnyonyeshe. Chukua."

Dada alikichukua. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena, hakuondoka.

"Sasa nikimchemshia maziwa mkwe wangu," aliuliza bila kuinua macho, "nimpe kiasi gani?"

"Kikombe kizima," Mama Futi alisema, bado amekasirika. "Na akimaliza, mwongeze."