Cherehani Iliyoandikwa Imepotea

Kwa miaka kumi na tisa karani wa takwimu alikaa chumba cha mwisho cha kituo cha polisi, kati ya kabati la mafaili na dirisha lisilofunguka, akihesabu maovu ya watu. Wizi wa simu uliongoza kila mwezi, ukifuatwa na kuvunja nyumba, kisha kupigana. Mauaji yalikuwa machache. Wezi aliwadharau, ila si kama alivyomdharau mkuu wa kituo, ambaye askari walimwita Bwana Asilimia.

Huyo aligundua namna ya kupunguza uhalifu bila kuinuka kitini. Aliyeibiwa aliandikiwa "mali iliyopotea". Wizi hufunguliwa faili na kupewa mpelelezi. Kilichopotea hupewa kikaratasi, mwenyewe akajitafutie. Kwa miezi mitatu wizi ukashuka nusu nzima, na Bwana Asilimia akatembea kifua mbele utadhani kamenyana na majambazi mwenyewe.

Jumatatu akaja fundi cherehani, mjane. Mlango wake ulikuwa umevunjwa kwa mtaimbo na cherehani haipo, nayo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Askari wa zamu akaandika: imepotea.

Karani alipofika mstari huo akabeba kitabu hadi kwa mkuu.

"Afande, cherehani ya miguu ya chuma imepoteaje? Ilitoka kwenda kununua uzi?"

"Mama, kazi yako ni kuhesabu." Macho yalikuwa kwenye simu. "Ijumaa wakubwa wanakuja. Usinitie doa."

"Na mlango nao ulijivunja?"

"Acha ilivyo."

Hakuiacha. Aliukata mstari kwa rula, akaandika juu yake "kuvunja nyumba na kuiba", akatia saini, akafungua faili na kumpelekea mpelelezi, mzee wa kazi aliyemaliza vikombe vingi vya chai kuliko kesi. Mpelelezi alinung'unika njia nzima. Cherehani ilikuwa nyumba ya nne kutoka kwa fundi, uani, imefunikwa gunia, miguu nje. Upelelezi wote ulichukua dakika ishirini.

Mkuu hakumkaripia karani. Aliizuia cherehani kituoni hadi Ijumaa, akaipangusa vumbi, na wakubwa walipofika akaiwekea mkono juu, akaeleza jinsi alivyoongoza msako. Picha zikapigwa. Fundi alisimama ukutani tangu asubuhi, akiogopa hata kukohoa.

Karani akatoka na fomu ya kurudishiwa mali. Fundi akaitia saini. Ndipo karani alipouondoa mkono wa mkuu juu ya cherehani, taratibu, kama mtu anayeondoa nzi mezani.

"Shika huko, dada," akamwambia fundi. "Tubebe."

Wakubwa wakawapisha mlangoni.