Mashine Tatu na Mtoto Mmoja

Nilitumwa Kigoma kwa sababu ya majina yaliyopotea. Mimi ni fundi wa mitambo ya kutunza kumbukumbu, na ofisini kwetu Dar es Salaam zilifika habari kwamba wakimbizi walioandikishwa msimu wa mvua hawaonekani tena kwenye kompyuta. Ajabu ni kwamba mtambo ule ulikuwa na mashine tatu, kila moja ikitunza nakala ya kila kitu, na kila moja katika kata yake, ili nyumba moja ikiungua mbili zibaki. Kwenye mchoro ulipendeza sana. Mchoro haukuonyesha watunzaji.

Kuanzia Tabora treni ilijaa, na tulipofika Uvinza nilikuwa nimeshakula asali ya watu na kusikia maoni yao yote kuhusu wakimbizi. Waliosema zaidi hawakuwahi kuongea na mkimbizi hata mmoja.

Kigoma, asubuhi. Mkuu wa ofisi ya uandikishaji alinipokea kwa soda na majigambo. "Sisi hatupotezi kitu, mhandisi. Tuna nakala tatu." Nilipouliza majina yako wapi basi, akasema hilo ndilo nililolipiwa nauli kulijua.

Barazani alikaa mwanamke wa Kirundi, Mama Floride, amemshika bintiye mkono. Mama aliandikishwa zamani; Floride alivuka ziwa baadaye na shangazi yake, akaandikishwa wakati wa mvua. Basi la kwenda kambini lingeondoka kesho yake, na halikuwa likipakia mtu asiyeonekana kwenye kompyuta.

"Amahoro, mama," nikamsalimu.

"Amahoro, mwanangu. Wananiambia mimi nipo, huyu hayupo. Sasa huyu niliyemshika ni nani?"

Niliona aibu, nikaita pikipiki inizungushe kwenye mashine zote tatu.

Katubuka. Bwana Mushi, mtumishi aliyehamishwa kutoka Moshi na ambaye hajaacha kuulizia uhamisho wa kurudi, alikiri bila haya kwamba mashine yake ilizimwa msimu mzima, akaiwasha majina yalipopotea. "Inakula umeme, na luku nanunua mimi. Si zipo mbili nyingine?"

Bangwe. Mashine ya Bi Zuhura ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake maua ya plastiki. Kelele zake, alisema, zilimharibia tamthilia. "Nilijua Mushi anayo. Mushi ni mtu makini."

Nikaiwasha, nikampigia mkuu simu, na hapo mambo yakanyooka. Mtambo ulipangwa usiseme "imehifadhiwa" mpaka mashine mbili zikubali kwamba zimepokea. Mbili zilipozimwa, ukakataa kuandika, na ulifanya vyema. Mkuu alipoona foleni inarefuka akaamuru mpangilio ubadilishwe: ikikubali moja, inatosha. Tangu siku hiyo kila jina jipya liliwekwa mahali pamoja tu, Kasingirima, huku ofisi nzima ikijisifu kwa nakala tatu.

Kasingirima, jioni. Mzee Ruhaga, mtunzaji wa mashine ya tatu, alinifungulia mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia, ila usikanyage vifaranga."

Vilikuwa nyuma ya mashine, penye joto, vimelala kwa raha zao. Waya wa umeme ulikuwepo. Wa mtandao aliuchomoa vilipoanguliwa, visije vikajinyonga. Ndiyo maana majina yalipotea.

"Na umeme je, uliwahi kuuzima?"

"Nizime, vifaranga vife kwa baridi? Wewe una mifugo kweli?"

Nilichomeka waya, nikatafuta majina. Floride alikuwemo. Wote walikuwemo. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka machozi yakanitoka, maana kitu pekee kilichotunza kumbukumbu za watu wale kilikuwa huruma kwa kuku.

Kesho yake alfajiri nakala zilikuwa zimeshafika Bangwe na Katubuka, na mpangilio nimeurudisha: zikubali mashine mbili, au hakiandikwi kitu. Nikamwambia Mama Floride kwamba sasa binti yake yuko sehemu tatu.

"Hizo sehemu ni zenu," akasema. "Mimi ninaye huyu mmoja, na ndiye ninayepanda naye." Wakapanda.

Stesheni, siku ya kurudi. Nilikuwa nimeshapata kiti, nikiwaza niliyojifunza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na nakala tatu, kila mtunzaji akimtegemea mwenzake, ni sawa na kutokuwa nayo hata moja. Nilijiona nimefika mbali kwa mawazo. Simu ikalia. Alikuwa mkuu.

"Mhandisi, mtambo wako umegoma. Foleni imefika barabarani. Turudishie ule mpangilio wa mashine moja."

"Katubuka na Bangwe wamewasha?"

"Wamezima. Wanasema Kasingirima ipo, umewahakikishia mwenyewe."

"Hapo kwenye foleni kuna watoto?"

"Wengi tu. Kwa nini?"

Nikateremsha begi langu, nikashuka.