Aliyepeleka Maneno Yangu Sebuleni

Yule mama ndiye aliyenifundisha kumnyonyesha mwanangu. Naanza na hilo makusudi, usije ukadhani nilimwamini kijinga. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chetu huku Lufingo, jirani wa ng'ambo ya kijito, na mtoto alipokataa ziwa siku za mwanzo alikuja kila asubuhi, akakaa nami mpaka mtoto akashika. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, Msasani, ile ya Tukuyu mjini, si ya Dar. Huyu nikamfanya mama.

Kwa hiyo aliponiita kwenye masomo ya wanawake pale zahanati, nilienda. Yalikuwa Jumatano, watoto wakishapimwa uzito. Mwalimu alikuwa nesi aliyehamishiwa huku kutoka pwani, na alitufundisha mambo ambayo miaka minne ya sekondari haikunigusia. Kwamba kipigo kinaanza kabla ya kofi, kwenye kukaguliwa simu na kukatazwa kwenda kwenu. Kwamba moyo ukienda mbio kila mlango unapogongwa hujalogwa, ni mwili unakumbuka. Mabibi ambao Kiswahili kinawapita walikaa nyuma, na mhudumu akawa katikati yao akiwatafsiria kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Sheria ilikuwa moja tu: linalosemwa humu linabaki humu.

Siku moja nesi alitaka kila mmoja apange, hali ikichafuka atakimbilia wapi na atabeba nini. Mume wangu alikuwa ameshanipiga mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimembeba mtoto. Nilipanga hivi: begi lenye kadi ya kliniki, nguo za mtoto na vyeti vyangu vya shule likae kwa mhudumu, na siku mume akipeleka ndizi mnadani mimi niondoke kwenda kwa mama. Nilimweleza yeye peke yake. Alilipokea begi kwa mikono miwili, akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye yupo.

Hazikupita wiki mbili. Jumamosi asubuhi waliingia nyumbani kwangu baba mkwe, baba wadogo wawili, na mume wangu nyuma yao. Halafu mhudumu, na begi langu mkononi. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri amekuja kunitetea.

Sasa, kwetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamwangalii usoni. Wakikutana njiani anaingia migombani mpaka mzee apite, na mzee naye anatazama pembeni. Mjini wengi wameshaacha, ukoo wa mume wangu hawajaacha. Kwa hiyo kesi yangu ilisikilizwa mimi nikiwa jikoni, wao sebuleni, na maneno yangu yakahitaji mtu mzima wa kuyapeleka. Mhudumu alisimama kabla hajatajwa.

Alikuja jikoni akaniuliza niseme nini. Nikamwambia polepole, asikose hata neno: amenipiga mara tatu, mara ya mwisho na mtoto mgongoni, nataka kwenda kwetu. Aliitikia kwa kichwa vilevile kama Jumatano. Akarudi ndani, na mlango ulikuwa wazi.

"Mkwe wenu anasema amekosa," aliwaambia. "Ni hasira za uzazi tu. Anaomba msamaha, na begi amelirudisha mwenyewe."

Wazee wakashukuru, ndaga, ndaga. Mume wangu akacheka, akasema si aliwaambia, yale masomo ndiyo yanayowaharibu.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaingia sebuleni. Usiite ujasiri, ilikuwa hasira. Baba mkwe aliponiona alijifunika uso kwa kofia, akainuka akatokea mlango wa nyuma, maana mwiko unamfunga yeye kama unavyonifunga mimi. Na yeye akishatoka hakuna kikao. Baba mdogo mmoja alinung'unika kwamba nimeleta laana. Nikawaambia waliobaki, "Sijaomba msamaha. Huyu amewadanganya." Nikachukua begi langu mezani. Mume alinyanyuka, lakini mbele ya baba zake mkono haukunyanyuka naye.

Mhudumu alinifuata hadi njia ya barabarani, anahema.

"Nilikuwa nakutunzia ndoa, mwanangu. Mimi nimepigwa miaka ishirini, na wanangu wote wamekulia kwa baba yao. Wewe makofi matatu."

"Na wale mabibi," nikamuuliza, "kila Jumatano ulikuwa unawaambia nini?"

Alirekebisha kitenge chake, akaangalia chini kwenye kijito.

Jumatatu, nikitokea kwa mama, nilikwenda kwa nesi, nikamweleza yote. Alilia, akanisindikiza polisi kwenye dawati la jinsia, na hilo namshukuru. Lakini mimi nilitaka kitu kingine. Nilimwambia atafute mtafsiri mwingine, akae na wale mabibi upya, awaulize mwaka mzima wamefundishwa nini. Mmoja wao anakuja na jicho limevimba, wote tunamwona, na anakuja kila wiki.

Nesi akasema atalifikisha juu. Akasema pia kwamba kwa sasa hana mwingine anayejua lugha.

Mimi niko Msasani na mwanangu, salama. Jumatano hii masomo yaliendelea, nimesikia, na mabibi walikuwa nyuma na mtafsiri wao yuleyule.