Kofi la Kufungua Masikio

Kila Jumamosi alasiri, wazee waliowahi kuwa askari hukutana kwenye baraza la fundi cherehani mmoja hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Tuko wanne, sote wa jeshi lilelile la kwetu Kongo, na tunakaa kwa kufuata mwaka ambao kila mtu aliingia jeshini. Wa kwanza ni mzee tunayemwita Ajida, kwa cheo chake cha zamani. Yeye hukaa penye kivuli na ndiye anayeanza kusema. Mimi ni wa mwisho. Nina miaka arobaini na tisa, ndevu zimeingia mvi, na bado wananiita “bleu”, neno la Kifaransa tulilowaitia askari wapya. Kwa miaka mingi niliuona ni utani tu.

Mwaka huu alifika mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka ishirini na mmoja. Alikaa jeshini miezi minane, akatoroka, akapitia Tanzania mpaka hapa. Sikio lake la kushoto halisikii. Wazee walipogundua, wakapata mchezo. Ajida alikuwa akisimama upande wake wa kushoto na kumwita kwa sauti ya chini, “Bleu, kuya hapa.” Kijana asipogeuka, baraza zima linacheka.

“Bleu ba siku hizi,” Ajida alisema siku moja. “Miezi munane, anakimbia. Sisi tulikula makofi miaka na miaka. Kofi ya kwanza njo ilikuwa inafungua masikio.”

“Yake ilifunga,” mwingine akajibu.

Mpwa wangu alitabasamu na kusema, “Ni kweli, mzee.”

Kofi hilo nalijua. Kila kuruta alipigwa siku ya kwanza, kiganja kimekunjwa kidogo kama cha mtu anayechota maji, sawasawa juu ya sikio. Tuliambiwa kwamba baada ya hapo atasikia amri vizuri. Hakuna aliyewahi kwenda kuhakikisha.

Usaha ulipoanza kutoka kwenye sikio la mpwa wangu, nilimwambia twende hospitali. Alikataa. Ajida alikuwa amekwisha kumwambia kwamba bleu haendi kwa munganga juu ya sikio, atie mafuta ya kitunguu, atapona kama wanaume. Miezi minne kijana alitii watu waliokuwa wakimcheka. Alikubali pale tu mtoto wa jirani alipolalamikia harufu mbele yake.

Zahanati ya kambi ilitupa barua ya kwenda Lilongwe. Ndani ya minibasi, kabla hatujafika Lumbadzi, nilimweleza jambo moja kwa utaratibu. Mwezi unaofuata angehojiwa kuhusu ombi lake la hifadhi. Karatasi ya hospitali ingeingia kwenye faili lake. Ikiandikwa kwamba aliugua tu, au alianguka, hakuna ofisa atakayeamini baadaye kwamba alipigwa.

“Nimesikia, mjomba,” alisema.

Hospitalini tulipokewa na mganga mwanamke. Mpwa wangu hajui Chichewa, kwa hiyo nilikuwa mkalimani. Chichewa changu nilikipata kwenye vitabu vya shule ya msingi nilivyonunua sokoni, darasa la kwanza mpaka la nane, kimoja baada ya kingine. Ninapotafsiri, siongezi wala sipunguzi. Mganga alimulika sikio, kisha akauliza lilianzaje.

“Nilianguka,” mpwa wangu alisema.

Nikatafsiri: “Akuti anagwa.”

Mganga akanitazama. “Muulize tena.”

Nilimuuliza tena. Akarudia kwamba alianguka, na wakati huo nikaona kuwa hamtazami mganga, ananitazama mimi. Nilikasirika, kwanza naye, halafu na yule aliyestahili, mimi mwenyewe. Kwake mimi nilikuwa mtu wa baraza. Nilikuwa nimekaa pale Jumamosi zote zile, na walipocheka sikuwahi kuwakataza.

Nilimwomba mganga dakika moja.

“Sikiliza,” nikamwambia mpwa wangu. “Mi nilikuwa kaporali wa mafunzo miaka mbili. Kofi hiyo nilipiga. Bengi. Sijui hata mumoja kama leo anasikia. Ajida hayuko hapa. Ni mimi na we na huyu mama. Sema kile kilifanyika.”

Aliangalia kalamu ya mganga.

“Mukubwa mumoja wa mafunzo alinipiga,” alisema. “Mara mbili. Ya pili nilikuwa nimelala chini.”

Nilitafsiri neno kwa neno, pamoja na lile la kulala chini. Mganga akaandika. Alisema ngozi ya ndani ya sikio imetoboka, usaha utakauka kwa dawa, lakini hawezi kuahidi kwamba usikivu utarudi. Tungekuja mapema pangekuwa na nafasi kubwa zaidi. Hilo nalo nilitafsiri, ingawa nilitamani kulimeza.

Jumamosi iliyofuata sikukaa. Niliwasomea wazee karatasi ile ya hospitali, nikiwa nimesimama. Ajida alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo umempeleka kwa bageni achafue jeshi,” alisema.

“Jeshi gani, Ajida? Tuliikimbia sisi bote.”

“Mi nilikimbia nyuma ya kutumika miaka kumi na tisa.”

“Basi huyu kijana alikuwa na akili kukupita. Yeye aliona kwa miezi munane.”

Hakuna aliyecheka. Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Mzee mmoja, wa pili kwa mpangilio, alisema polepole kwamba bleu hasemi hivyo na mkubwa wake. Nilimjibu kwamba hapa Dzaleka hakuna mkubwa wangu ila mwenye kadi ya mgawo wa chakula iliyo kubwa kuliko yangu, na kadi zote zinalingana.

Ajida akamgeukia mpwa wangu, aliyekuwa nyuma yangu. “Kijana, kule ku mahojiano, utasema ulipigwa na mukubwa wako? Mbele ya bageni?”

Nilitaka kumjibia. Nikajizuia.

“Nitasema, mzee,” mpwa wangu alisema. “Na wakiniuliza nani alinikataza kwenda hospitali mapema, nitasema pia.”