Nesi Anayemuuliza Binti Kwanza

Saa mbili asubuhi, Theodosia Mpawenimana anafuta kitanda cha uchunguzi katika zahanati moja ya Rungwe Mpya, wilayani Kasulu. Wa kwanza kuingia ni Recho, mkulima wa mihogo, na binti yake Akimana, mwenye miaka 14. Wote wawili wamekubali habari yao iandikwe, mradi majina yabadilishwe.

"Nesi, huyu anatapika. Mpime mimba," anasema Recho.

"Akimana, unasumbuliwa na nini?"

"Si nimekuambia, anatapika."

"Nimemuuliza yeye, mama."

"Nimemzaa mimi, nitamjibia mimi."

Wanawake waliokaa kwenye benchi la nje wanacheka.

Theodosia ni muuguzi mkunga, mzaliwa wa hapa, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa 1972 kutoka Burundi. Hampimi msichana kabla ya kumweleza atakachomfanyia na kupata ridhaa yake.

"Hata mkojo. Akikataa, nasubiri," anasema. Baadhi ya wazazi huondoka kwa hasira.

Anamuuliza Akimana kama mama abaki. Binti anatikisa kichwa. Recho anatoka akinung'unika: "Baba yake ameshasema, akiwa na mimba asirudi kulala kwetu."

Mlango ukifungwa, Akimana anaeleza. Hedhi humuuma sana. Katika familia nyingi za hapa, msichana akivunja ungo hufundishwa na shangazi, mama hamuulizi. Shangazi yake humpa dawa ya mizizi na kumkataza kusema. Akiinywa, hutapika.

"Nikitapika, mama ananitazama tumbo," anasema.

Anakubali kupimwa mkojo, ila aambiwe majibu yeye kwanza. Hana mimba. Theodosia anampa vidonge vya maumivu, anamshauri aache mizizi, na arudi mwezi ujao yasipopungua.

"Mama yako nimwambie nini?"

"Nitamwambia mwenyewe. Wewe kaa hapa hapa."

Recho anaitwa ndani, anamsikiliza binti yake hadi mwisho, kisha anakaa kitandani kando yake.

"Unaumwa hivyo, na mimi sijui?"

"Hukuniuliza, mama."

Kabla mwaka huu wa 2014 haujaisha, Theodosia anataka kuwaita mashangazi wa kata yake kwenye kikao.

"Walimu ni wao. Nataka wajue maumivu gani ni ya kuleta huku, na wamuulize binti kabla ya kumnywesha kitu."

Recho, aliyekwisha fika mlangoni, anageuka.

"Wifi yangu hapendi kuitwa na nesi," anasema. "Huyo nitamleta mimi."