Mikono Iliyojifunza Kulegeza Hatamu

Habari ilinifikia nikiwa naanika kahawa uani. Mpwa wa marehemu alisimama langoni, akavua kofia, akasema, "Mzee, amepumzika." Sikuuliza ni nani. Mwinjilisti wetu wa Nshambya, yule ambaye wasomaji wengi wa safu hii mlimwona akipita barabara ya Muleba juu ya farasi wa rangi ya majivu, alikuwa kitandani kwa majuma kadhaa akivuta pumzi kwa shida. Nilikaa chini, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya maisha yake, kisha nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeikunja ngumi. Yeye angecheka. Angesema, "Mzee wa Kanisa, fungua mikono. Nani anataka kukunyang'anya?"

Farasi ni mgeni huku kwetu, na wengi walioletwa hawakudumu. Huyu alikuwa wa Bwana Shauri, afisa wa Serikali wilayani, na afisa huyo alipohamishwa alimwachia mmisionari mmoja, ambaye naye aliporudi kwao alimwachia mwinjilisti, kwa sababu nyonga yake mbovu haikumruhusu kutembea mbali wala kukanyaga baiskeli. Hivyo kila Alhamisi alikwenda Ijumbi na vijiji vya jirani kuwaona wagonjwa, nami mara nyingi nilimfuata kwa baiskeli. Tatizo lilikuwa kwamba watu walimjua farasi kabla ya kumjua mpanda farasi. Wakiona masikio yale juu ya ua wa kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, walidhani ni Serikali, wakatua mizigo na kupiga magoti kando ya njia, kama ilivyo desturi yetu kwa wakubwa. Mwinjilisti alicheka. "Mnampigia magoti mnyama," aliwaambia. "Mimi nimebebwa tu, kama mkungu wa ndizi." Wakacheka nao, na juma lililofuata wakapiga magoti tena.

Kabla ya kufika Ijumbi kuna kona ambapo migomba imesogea hadi barabarani. Asubuhi moja bibi mmoja alitoka kibanjani na kikapu kichwani, akaona amechelewa kutoa heshima, akakitua kwa haraka na kushuka magotini karibu kabisa na miguu ya farasi. Kwa farasi, kitu kilichokuwa kirefu kikawa kifupi ghafla. Alishtuka. Nilikuwa nyuma, nikaona mwinjilisti akibana mapaja na kuvuta hatamu kwa nguvu zake zote, na farasi, akibanwa huku na kuvutwa kule, akazunguka na kumkanyaga yule bibi. Alikuwa bado anatamka maneno ya salamu. Alikufa baada ya siku chache. Baraza halikumpata mwinjilisti na kosa, na wafiwa hawakudai kitu. Lakini yeye alijua mikono yake ilifanya nini.

Tangu siku hiyo hakuweza kupita ile kona. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hapa walioumwa walikuwa wawili, mmoja juu ya mwingine. Mwinjilisti aliniambia kwamba akikaribia pale huona nguo ikishuka kando ya njia, polepole, hata kama hakuna mtu. Mimi sikuona kitu. Imani yangu hainiruhusu kusema kulikuwa na mzuka. Lakini niliona farasi akisimamisha masikio kuelekea mahali palepale, ngozi ikimtetemeka mabegani. Tuligeuka na kurudi, na wagonjwa wa Ijumbi wakaendelea kungoja. Mmoja wao alizikwa bila kusomewa neno. Habari hiyo ilipofika Nshambya, mwinjilisti hakula siku nzima.

Nilimpeleka Hamugembe, kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na ambaye alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, tangu enzi za Wajerumani. Alimtazama mwinjilisti akizunguka uwanja mara moja tu, akatikisa kichwa. "Mwalimu, umekaa kama mtu anayengoja kung'olewa jino."

"Naogopa kuanguka."

"Unaogopa kingine, lakini hayo ni yako na Mungu. Mimi nashughulikia jino. Legeza taya. Huwezi kukaza mgongo kama taya limelegea, jaribu uone." Kisha akasema jambo ambalo wasomaji wangu wacha Mungu watanisamehe kuliandika. "Farasi hasikilizi mdomo wako. Anasikiliza makalio yako. Ukiyakaza, anasema, kumbe huyu bwana ameona simba."

Alimfundisha kutoa pumzi taratibu kwa mdomo mpaka iishe, kuangusha mabega, kuacha uzito wa mguu ushuke hadi kisiginoni, na kushika hatamu kama mtu anayeshika kifaranga. Kila mara akirudia: "Mpola, mwalimu, mpola," polepole, kwa Kihaya chake cha mjini. Na kweli, pumzi ya mpandaji iliposhuka, shingo ya farasi nayo ilishuka, akaanza kutafuna mate kama mnyama aliye zizini. Sijawahi kuona viumbe viwili vikipumzika kwa pumzi moja namna ile. Nilikumbuka siku za kufunga, jinsi mwili unavyokuwa wa mwisho kuamini kile ambacho moyo umekwisha kukikubali.

Basi tulikwenda tena Ijumbi, na njia nzima ilikuwa heri. Tulipofika konani, yote yakapotea. Nilisikia pumzi yake ikikatika, na papo hapo farasi akapiga mguu chini na kusimama. Mwinjilisti alianza kumgeuza. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka migombani.

"Mbona mnapita kwetu kama wezi?"

Alikuwa binti wa marehemu bibi, mama mtu mzima, kisu cha kupogolea migomba mkononi. "Nasikia kwato zinafika hapo, zinasimama, zinarudi. Nasema, leo tena hataki kunisalimia."

"Waitu, sina uso wa kukusalimia," mwinjilisti akajibu, kwa neno letu la heshima.

"Uso unao, nauona. Shuka."

Alishuka kwa taabu, akiburuta ile nyonga. Mwanamke hakupiga magoti. Alisimama mbele yake na kusema, "Mama alikanyagwa akikusalimia, na wewe hukumjibu. Mpaka leo salamu yake iko hapa njiani. Nijibu mimi."

Wasio Wahaya hushangaa urefu wa salamu zetu. Mwanamke alizitoa zote, bila kuruka: umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, wagonjwa, ng'ombe, mvua, kibanja. Na kwa kila moja mwinjilisti alipaswa kuitikia kwa ile sauti ndefu inayotoka kifuani, eee, ambayo haitoki mpaka umeiachia pumzi yote. Mwanzoni sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesongwa. Ilipofika kwenye mvua, ilikuwa imenyooka, na machozi yanashuka. Nyuma yake farasi alitoa pumzi ndefu puani na kuinamisha kichwa hadi kwenye majani. "Haya," akasema mwanamke, "panda. Wagonjwa wanakungoja." Wakapita. Na tangu hapo, kila Alhamisi, mwinjilisti alishuka pale na kusalimia kwanza, awepo mtu au asiwepo.

Farasi alikufa zamani. Sasa barabara ile ina malori ya kahawa, na vijana wa usukani huipita kona kwa honi. Siwalaumu. Lori lina faida zake, wala halijui kama dereva wake anaogopa. Lakini nawaza kama hilo ni jema tupu. Mwinjilisti alibebwa na kiumbe ambaye hakumruhusu kuficha hofu yake, na kwa hiyo alilazimika kwenda kuitafuta pale alipoiacha. Sisi wengine tunabebwa na vitu visivyotuuliza, nasi tunabeba watu, watoto, wanafunzi, waumini, tukiwa tumekaza taya, kisha tunashangaa kwa nini wanashtuka.

Yule mwanamke wa konani alikuja Nshambya siku ya mwisho ya mwinjilisti. Marehemu alikuwa ameng'ang'ania blanketi kwa mikono yote miwili, kama hatamu asubuhi ile. Mwanamke alipiga magoti kando ya kitanda, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia, akamsalimia kwa sauti ya chini, salamu yote. Mgonjwa aliitikia, eee, ndefu, na vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine. Walionisimulia wanasema pumzi ile haikurudi.

Baada ya maziko nilikwenda Ijumbi kwa baiskeli kuwapa habari. Nilipokaribia kona niligundua kwamba nimezuia pumzi. Nikashuka, nikafungua mikono, nikasalimia migomba, taratibu, mpaka kwenye mvua. Kutoka ndani ya kibanja mtu aliitikia. Sikuchungulia kuona ni nani. Salamu ikijibiwa, inatosha.